Mafuta ya pili ambayo hatukuyajua

Sisi ni wamama saba wa shirika letu ambao safari ya maisha imetufikisha Portland, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Watatu wetu ni wa Uvira, wawili ni wa Fizi, mmoja ni wa Kabare na mmoja ni wa Bukavu mjini. Mlituomba tuwaandikie kitu juu ya maisha yetu huku. Tungeweza kuandika juu ya kazi za usiku, au juu ya watoto wanaosahau Kiswahili, lakini hayo mmekwisha kuyasikia. Leo tunataka kuwaeleza jambo lililotutia haya, likatugombanisha, kisha likatufundisha: siku tulipobadilisha mafuta ya mashini ya theluji.

Huku theluji huanza mara nyingi mwezi wa Desemba na inaweza kuendelea mpaka Machi, hata Aprili. Ikianguka kidogo ni nzuri kuitazama, kama unga wa muhogo uliomwagika usiku. Ikianguka usiku kucha, asubuhi inafika magotini na mlango unakataa kufunguka. Halafu linapita gari la mji lenye kusukuma theluji barabarani, nalo linaacha ukuta mbele ya kila uwanja. Ukuta huo ni mzito, umejaa maji, na ukiganda ni kama sima ya wajenzi. Mwenye nyumba anadaiwa kusafisha njia ya watu mbele ya nyumba yake. Asipofanya hivyo anaweza kulipishwa faini.

Pamoja nasi yuko koko mmoja, mama mzazi wa mmoja wetu, mtu wa Fizi. Figo zake zimechoka. Mara tatu kwa juma anapelekwa kusafishwa damu kwa mashini, na kila mara anakaa pale karibu saa nne. Gari la wagonjwa linakuja kumchukua saa kumi na moja ya asubuhi, kungali giza. Uwanja ukiwa umefungwa na theluji, dereva hana muda wa kungoja, maana ana wagonjwa wengine. Na mgonjwa wa figo hawezi kusema, "Nitaenda juma lijalo." Maji na uchafu vinabaki mwilini, miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi. Kwa hiyo kwetu theluji si jambo la kupendeza macho.

Miaka mitatu iliyopita tulichanga pesa tukanunua mashini ya kutupa theluji, iliyokwisha kutumika, kwa muzee mmoja aliyekuwa anahama. Tulilipa dola 700 kutoka kisanduku cha wagonjwa. Tulipatana kwamba itasafisha kwanza uwanja wa koko, halafu nyumba zetu, halafu majirani wenye kulipa, na pesa za majirani zirudi kisandukuni. Ndivyo ilivyokuwa. Wanaume walicheka mwanzoni. Walipoona kisanduku kinajaa, walinyamaza.

Tuwaeleze kidogo jinsi inavyofanya kazi. Mbele kuna visu vilivyosokotwa kama parafujo, ambavyo vinavuta theluji ndani, na pangaboi la chuma linaitupa juu kupitia bomba lililopinda. Katikati kuna motere ya petroli. Motere hiyohiyo ndiyo inayozungusha magurudumu ili mashini itembee yenyewe, maana hakuna mama anayeweza kusukuma uzito huo ndani ya theluji. Katika mashini nyingi za namna hii, nguvu inafika magurudumuni kwa sahani ya chuma inayosuguana na gurudumu dogo la mpira. Yetu haina kitu hicho. Motere inazungusha pampu ndogo, pampu inasukuma mafuta, na mafuta yale yanazungusha mashini nyingine ndogo iliyoungana na magurudumu. Ninyi mnaokaa Bukavu mnajua jinsi maji ya Ruzizi yanavyozungusha mashini za umeme. Ni karibu hivyo, ila maji ya Ruzizi yanapita na kwenda zake, na mafuta haya yanazunguka yaleyale, yakirudi na kwenda tena. Ukisukuma mkono wa mashini kidogo, inatembea polepole. Ukisukuma zaidi, inakimbia. Ukiuvuta nyuma, inarudi nyuma. Hakuna kubadilisha vitesi. Wenye ufundi wanaiita transmisio ya hidrostatiki.

Haya yote sisi hatukuyajua. Tulijua mafuta ya motere tu. Kila mwaka tulifanya vidanji bila kukosa, tukaweka buji mpya, tukamwaga petroli ya zamani. Tulijisifu kwamba mali ya kikundi inatunzwa.

Mwezi wa Januari, usiku mmoja wa theluji nyingi, mashini ilianza vizuri. Baada ya nusu saa, ilipopata joto, ikaanza kulegea. Motere ilinguruma kama kawaida, visu vilizunguka, lakini magurudumu hayakutaka kwenda. Ilipofika kwenye kilima kidogo cha uwanja wa koko ikasimama kabisa. Tulichukua vijembe vya theluji, watu watatu, tukalima gizani. Dereva alipofika tulikuwa hatujamaliza. Ikabidi tumkalishe koko kwenye kiti cha jikoni, tukamfunika mablanketi, tukambeba mpaka barabarani, theluji ikiingia ndani ya viatu vyetu. Koko alicheka. "Wanangu," alisema, "kipoyi nilifikiri nimekiacha Fizi." Sisi hatukucheka. Habari za hewa zilikuwa zimesema kwamba baada ya siku nne dhoruba nyingine kubwa ingekuja.

Tulipeleka habari kwa fundi mmoja. Akasema dola 600 kama haijaharibika sana, na tungoje majuma matatu, kwa sababu watu wengi walikuwa mbele yetu.

Siku ya Mungu tulikutana. Kisandukuni zilikuwamo dola 310. Likelemba ya mwezi ule ilikuwa dola 420, na zamu ilikuwa ya mama mmoja ambaye binti yake anasoma chuo kikuu Bukavu. Alikuwa anangoja pesa hizo kumlipia minervali kabla ya mitihani. Mama yule alitazama chini, halafu akasema, "Chukueni zamu yangu. Koko ni wetu sote."

Tulikaa kimya. Wengine wetu, tukubali ukweli, tulitaka kusema ndiyo. Ndipo mkubwa wetu akasema: "Hapana, mama. Zamu ya mtu ni neno tulilompa. Tukigusa likelemba leo kwa ajili ya mashini, kesho tutaigusa kwa ajili ya jambo lingine, na kesho kutwa hakuna atakayeleta pesa zake. Tutafute njia nyingine."

Hapo ndipo mdogo wetu wa Kabare, ambaye mara nyingi ndiye anayesukuma mashini, alianza kulia. Alisema: "Yaya zangu, kosa ni langu. Mwaka jana niliona kichupa kidogo cha mafuta pale nyuma, mafuta yake yameshuka chini ya alama. Nikaongeza mafuta yaliyobaki ya gari. Na kizibo sikukikaza vizuri. Nilikikuta siku nyingine kimelegea, theluji imekaa juu yake."

Tulimkasirikia. Mmoja alisema kwa sauti, "Ulinyamaza mwaka mzima?" Yeye akajibu: "Niliogopa. Ninyi mnakumbuka mlivyomfanyia yule mwenzetu wa sufuria."

Neno hilo lilitukata. Miaka miwili mbele ya hapo, mama mmoja alikuwa ameunguza sufuria kubwa ya kikundi. Alipokuja kusema, tulimtoza faini mbele ya wote, hata kabla hajamaliza kueleza. Mama yule aliacha kuja kwenye mikutano. Basi mdogo wetu alikuwa amejifunza kutoka kwetu wenyewe kwamba afadhali kunyamaza. Mafuta mabaya yalikuwa yamekaa ndani ya mashini mwaka mmoja, lakini woga ulikuwa umekaa ndani ya kikundi zaidi ya hapo.

Hatukumtoza kitu. Tulimwambia, "Wewe umetuonyesha ugonjwa. Sasa tutafute dawa." Maana kwa maneno yake tulijua kwa mara ya kwanza kwamba mashini ina mafuta ya pili.

Muzee aliyetuuzia alikuwa ametuachia kitabu cha mashini. Kilikuwa kwenye droo, chini ya karatasi za umeme. Kijana wa mmoja wetu, mwenye miaka 15, akatusomea Kiingereza chake, na sisi tukakitafsiri katika Kiswahili neno kwa neno mpaka kila mtu akafahamu. Kitabu kilisema aina ya mafuta ya transmisio, na kwamba si kila mafuta yanafaa. Kilionyesha alama mbili kwenye kichupa, ya juu na ya chini. Kesho yake tulinunua chupa nne za mafuta yaliyoandikwa kitabuni.

Jioni, baada ya kazi, tulikusanyika katika garaji ya mmoja wetu. Kwanza tuliacha mashini ipoe, tukatoa waya wa buji ili motere isiweze kuwaka kwa bahati mbaya. Tuliosha sehemu yote ya kichupa na ya kizibo cha chini, tukapangusa kwa kitambaa kisafi. Kitabu kilikazia jambo hilo, na tulielewa sababu: ndani ya pampu vyuma vinakaribiana sana, chembe moja ya mchanga inaweza kuvikwaruza, na vikikwaruzwa mafuta yanapita pembeni badala ya kusukuma. Halafu tuliweka beseni la zamani chini, tukafungua buloni ya chini.

Mafuta yaliyotoka yalitushangaza. Hayakuwa mekundu wala meusi. Yalikuwa meupe-meupe, kama chai ya maziwa iliyolala. Hiyo ni alama ya maji. Maji yakichanganyika na mafuta, yanapunguza utelezi wake, yanaleta kutu, na mashini ikipata joto nguvu inapotea. Tuliyaangalia wote saba, na hakuna aliyesema neno baya kwa mdogo wetu. Yeye ndiye aliyeshika beseni.

Tuliyaacha yatoke muda mrefu, tukafunga buloni, tukajaza mafuta mapya polepole kwa mfereji mdogo mpaka kati ya alama mbili. Hatukujaza mpaka juu, kwa sababu mafuta yakipata joto yanapanda. Tulisukuma mashini nje ya garaji kabla ya kuiwasha. Hapa tuseme wazi: moshi wa motere ndani ya nyumba iliyofungwa unaua kimyakimya, sawasawa na mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hauna harufu ya kukuonya kila mara. Mtu anasinzia tu.

Tukawasha. Mashini ikanguruma vibaya, ikaruka kidogo kama mbuzi aliyefungwa kamba, ikasimama. Tulijaribu tena, vilevile. Mioyo yetu ikaanguka. Tulidhani tumeiua, na pesa za mafuta zimepotea. Mama mmoja akasema twende tukalale. Kijana alirudi kwenye kitabu, akasoma ukurasa ambao sisi tulikuwa tumeuruka. Alisema, "Mama, ndani kuna hewa."

Hapo tulifahamu. Tulipotoa mafuta, hewa iliingia kwenye mapito yake. Mafuta hayakubali kubanwa, ndiyo sababu yanaweza kusukuma. Hewa inabanwa tu, kama mpira, na nguvu inaishia humo. Dawa yake ni uvumilivu. Tuliweka mbao imara chini ya mashini ili magurudumu yasiguse chini, tukawasha motere kwa nguvu ndogo, visu vikiwa vimesimama, tukasogeza mkono mbele kidogo, tukarudisha, tukauvuta nyuma kidogo, tukarudisha. Mapovu yakaanza kutoka kwenye kichupa. Mafuta yakashuka, tukaongeza. Tulifanya hivyo karibu nusu saa, tukipokezana kwa sababu ya baridi. Sauti mbaya ikapungua kidogo kidogo, mpaka ikanyamaza. Magurudumu yakazunguka laini, mbele na nyuma.

Siku iliyofuata tuliitembeza uwanjani mpaka ikapata joto, tukaizima, tukaiacha ipoe. Mafuta yalikuwa bado na weupe kidogo, kwa sababu maji ya ndani hayawezi kutoka yote mara moja. Tukayatoa tena na kujaza mapya mara ya pili. Tena hewa, tena mbao, tena nusu saa. Kwa yote tulitumia dola 96. Mafuta machafu tuliyaweka katika bidoni, tukayapeleka mahali mji unapoyapokea. Hatukuyamwaga ardhini, maana mafuta kidogo tu yanaharibu maji mengi.

Dhoruba ilifika siku ya tatu usiku. Saa tisa ya usiku watu wanne wetu tulikuwa uwanjani kwa koko. Mdogo wetu wa Kabare ndiye aliyeshika mashini. Tulimwambia ashike yeye. Ilikula ule ukuta wa barabarani, ikapanda kilima kidogo, ikashuka, ikapanda tena. Tusiwadanganye: haikuwa kama mpya. Ikipata joto sana inalegea kidogo, kwa sababu maji yale yalikuwa yamekwisha kula vyuma. Lakini ilitembea. Saa kumi na moja dereva aliingia mpaka mlangoni. Koko alipita kwa miguu yake, akishika mkono wa binti yake, akatazama njia nyeupe iliyonyooka, akasema, "Leo hakuna kipoyi." Siku hiyo tulicheka.

Juma lile mama wa zamu alipokea likelemba yake, dola 420 kamili, na binti yake akaandika mitihani. Halafu wawili wetu walikwenda kwa yule mama wa sufuria, wakabeba sombe na samaki, wakamwomba msamaha kwa jina letu sote. Hakurudi siku hiyo. Alirudi baada ya mikutano mitatu.

Wamama wapendwa, ninyi huko hamna theluji. Lakini vikundi vyenu vingi vina mashini ya kusaga mihindi na muhogo, au ya kusukuma maji, au cherehani. Kwa hiyo tunawaachia mambo machache tuliyojifunza.

Ulizeni mashini yenu ina mafuta mangapi. Inaweza kuwa na mafuta ya motere, na mengine mahali msipopaangalia. Mafuta ya motere yaangalieni asubuhi kabla ya kuiwasha.

Msiongeze mafuta yasiyoandikwa kitabuni. Kama kitabu kimepotea, ulizeni fundi mwaminifu kabla ya kumwaga chochote. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, kuna maji. Yakinuka kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu, kuna hewa.

Wekeni daftari. Andikeni tarehe ya vidanji, aina ya mafuta, na nani alikuwa zamuni. Daftari letu sasa linaning'inia garajini kwa kamba.

Msitie mkono ndani ya mashini yoyote kabla ya kuizima. Katika mashini za theluji visu vinaweza kurusha na kukata vidole hata motere ikiwa imezimwa, kama vilikuwa vimekwama. Theluji iliyokwama inatolewa kwa mti, si kwa mkono. Na ninyi wa mashini za kusaga, fungeni vitenge vyenu vizuri na msikaribie mkanda unaozunguka.

La mwisho tumeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila mmoja ametia sahihi: anayekuja kusema kosa lake siku ileile, hatozwi faini. Tunamsikiliza kwanza, tunatengeneza pamoja, ndipo tunazungumza juu ya gharama. Mpaka sasa tumekwisha kuletewa makosa mawili, yote madogo, yakatengenezwa kabla hayajawa makubwa.

Tunatamani kusikia kutoka kwenu. Katika vikundi vyenu, mama akiharibu mali ya wote, mnafanyaje? Tuandikieni kwa njia ya gazeti hili. Koko anawasalimu, na amesema tuwaambie kwamba bado anakumbuka jua la Fizi. Sisi pia tunalikumbuka, hasa saa tisa ya usiku.

Ni sisi, wamama wenu saba wa Portland.